Msimamo Nilioukosea na Ng'ombe wa Oldonyiro

Wateja wangu wameniuliza sana kwa nini duka langu la kunyolea lilifungwa siku nne mwezi wa nane, tena wiki ile ile ligi za Ulaya zinafunguliwa. Wengine walisema nimeoa mke wa pili. Wengine walisema nimepelekwa Meru kutibiwa mgongo. Naandika safari yote hapa, hatua kwa hatua, ili maneno yaishe. Nilikwenda Oldonyiro kukiri kosa, na niliyoyakuta huko yamenifanya niushike ule ubao wangu kwa heshima ambayo sikuwa nayo.

Kwa asiyenijua, nina duka la kunyoa hapa Isiolo mjini, na nje ya mlango nimetundika ubao mweusi. Tangu kabla ya kaunti kuja, kila Jumatatu asubuhi naandika hapo kwa chaki msimamo wa ligi kubwa za Ulaya. Uingereza naiandika kwa herufi kubwa, maana hapo nikikosea goli moja tu vijana wa stendi watanila nyama. Hispania naiandika pembeni kwa herufi ndogo. Watu huja kutazama zile mbili tatu za juu, wakagombana, wakaenda zao. Sehemu ya chini ya Hispania, kusema kweli, nimekuwa nikiiandika miaka yote kwa ajili ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni mfugaji Msamburu wa Oldonyiro anayeitwa Baba Naserian. Alinyolewa kwangu mara moja, zamani, akachukua namba yangu, na tangu hapo hunipigia kila Jumatatu kutoka kwenye kilima kinachoshika mtandao. Huniita Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha hata mbuzi. Ajabu yake ni kwamba hajawahi kuniuliza nani anaongoza. "Mwalimu," husema, "nisomee chini." Namsomea tano za mwisho, anashukuru, anakata; Jumatatu ya kufunga ligi tu ndiyo hutaka nimsomee zote. Nilidhani anacheza kamari.

Mwezi wa tano, siku ya kufunga ligi ya Hispania, timu mbili zililingana pointi hapo hasa penye mstari wa kushuka daraja. Nilipata matokeo, nikapiga hesabu mwenyewe. Mtu aliyeandika ubao miaka yote ana kiburi chake, hawezi kukaa akinakili simu. Nikatazama tofauti ya magoli kama tunavyofanya kwa Uingereza, nikaiweka moja ya kumi na saba, salama, na nyingine ya kumi na nane, imeshuka. Jumatatu nikamsomea Baba Naserian. Akasema, "Sawa. Basi Madoa ameenda."

Nikamuuliza Madoa ni nani.

"Ni ng'ombe," akasema. "Ndiyo hiyo timu. Siku ya soko napeleka."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa wafugaji.

Mwezi wa nane nilipochukua ratiba ya msimu mpya ili niandike timu ishirini, nikaikuta ile niliyoishusha. Ipo, inacheza Jumamosi, tena nyumbani kwake. Ile niliyoiokoa ndiyo haikuwepo. Nilikaa kwenye kiti cha wateja kama mtu anayesubiri zamu. Hispania wana sheria yao: timu zikilingana pointi, kwanza huangaliwa zenyewe zilipokutana nani alimshinda nani, na magoli ya jumla huja baadaye. Sheria hiyo naijua kama jina langu. Siku ile mkono ulikwenda kwa mazoea ya Uingereza, na kwa kuwa hakuna mtu Isiolo anayetazama chini ya Hispania, hakuna aliyenisahihisha.

Jioni ile ile simu ikalia. Baba Naserian alitaka majina ya timu tatu zilizopanda. Nilimwambia nitamletea mwenyewe. Kuna maneno hayasemwi kwa simu.

Siku ya kwanza, alfajiri, nilipanda lori la Mutuma. Huyu ni Mmeru, mnunuzi wa ng'ombe na mteja wangu wa siku nyingi, kichwa chake nakijua kuliko mkewe anavyokijua. Huenda Oldonyiro siku mbili kabla ya soko amejaza unga na sukari, na hurudi amejaza ng'ombe. Alinipa nafasi mbele, akaniambia kazi yangu itakuwa kumwangalia asisinzie.

Lami ikatuacha mapema, tukaanza vumbi. Mutuma alisema greda ya kaunti ilipita mwaka jana, na mvua ikapita nyuma yake, ndiyo maana barabara inajua kuruka. Migunga ilikuwa imebaki miiba. Kila tulipokutana na mifugo, ng'ombe walisimama kando na kututazama bila kujisumbua kukimbia, na mbavu zao ungeweza kuzisoma kutoka dirishani.

"Unaenda Oldonyiro kunyoa nani?" Mutuma akaniuliza. "Wale wananyoana wenyewe."

"Naenda kuona mtu wa mpira."

Akanitazama muda mrefu kuliko dereva anavyopaswa kumtazama abiria.

Saa nne tulivuka laga, mto wa mchanga usio na maji, na baada ya hapo tukasimama Kipsing kunywa chai. Hapo Mutuma akanipa somo la biashara yake. Mwezi wa tano, alisema, mvua ikiwa imenyesha na ng'ombe wamenona, hakuna mfugaji anayetaka kuuza. "Utamwambia, mzee, uza sasa, nyasi itaisha. Atakwambia huyu ni wa mama, huyu alizaliwa siku fulani, huyu ana pembe nzuri. Wote wana sababu ya kukaa. Halafu kiangazi kinaingia, ananiletea mifupa na ngozi." Akamaliza chai yake. "Hawa watu wanapenda ng'ombe mpaka ng'ombe wanakufa."

Nilikuwa nafikiria Madoa.

Saa nane mchana Mutuma akanishusha kwenye njia ya mguu nje kidogo ya Oldonyiro, na mtu akanijia akitembea haraka kutoka bomani. Nilikuwa nimemtarajia mzee. Nilimkuta mwanamume wa rika langu, mrefu, amejifunga shuka na juu yake amevaa jezi iliyofifia ya timu moja ya Uingereza.

"Mwalimu," akasema, akinishika mkono kwa mikono miwili. "Kumbe wewe ni mfupi. Kwa simu sauti yako ni ya mtu mrefu."

"Na wewe kumbe una timu Uingereza. Mbona huniulizi?"

"Hiyo naangalia kwa roho. Hispania naangalia kwa kazi."

Mkewe, Mama Naserian, alinipokea kwa chai ya maziwa kwenye kikombe kikubwa cha bati. Ni mama mnyamavu mwenye macho ya kuchunguza. Redio ndogo ilikuwa imening'inia kwenye nguzo ya nyumba, betri zake zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Aliniuliza habari za njia, za Isiolo, za watoto wangu, kisha akaniuliza kama nimekuja na yale majina matatu.

"Nimekuja nayo," nikasema.

"Na ni hayo tu umekuja nayo?"

Nilidhani anauliza zawadi. Nikatoa sukari na majani ya chai mkobani. Alivipokea kwa heshima, akaendelea kunitazama.

Jua liliposhuka ng'ombe walirudi, na hapo niliona jambo ambalo nitalisimulia mpaka nizeeke. Baba Naserian alisimama kando ya lango la miiba akiwa na fimbo chini ya kwapa. Mifugo ilipokwisha kuingia, vumbi bado likielea, alianza kusema kwa sauti ya kawaida majina ya vilabu vya Hispania, kuanzia bingwa, kwa mpangilio ule ule niliomsomea mwezi wa tano. Kila alipotaja jina alimtafuta kwa macho ng'ombe mmoja, akimpata anataja linalofuata. Wa pili alikuwa mwekundu mwenye nundu ndefu. Wa sita alikuwa kipofu wa jicho moja. Hakukosea hata nafasi moja. Mimi ninayeuandika msimamo huo kwa mkono wangu siwezi kuusema wote bila kuchungulia.

Majina yenyewe siyaweki hapa, kwa sababu aliniomba nisiyaandike. Alisema watu wa mji watacheka, na ng'ombe hawachekwi.

"Kwetu kuhesabu ng'ombe kwa vidole si vizuri," akaniambia alipomaliza; msimamo yeye huuita table. "Unaita bahati mbaya. Lakini table si kuhesabu. Table ni kuita. Nikiita na mtu hayuko, najua."

Alifika wa kumi na saba, akaishia hapo. Nyuma ya kundi walisimama mitamba watatu, bado hawana majina, wakisubiri timu zilizopanda.

Tulikaa kwenye vigoda, naye akanieleza mpango wote. Ng'ombe jike wazima ni ishirini, kama timu. Mwezi wa tano, wale ambao timu zao zimeshuka wanakwenda soko, wakiwa wamenona, kabla kiangazi hakijaanza. Mwezi wa nane mitamba watatu wa boma wanapanda daraja. Mama Naserian ndiye anayegawa majina, yeye Baba Naserian anasoma hukumu, na hakuna anayeingilia kazi ya mwenzake. Hispania, aliniambia, kuna timu tatu tu ambazo hazijawahi kushuka tangu ligi ianze. Hizo amezipa ukoo wa ng'ombe watatu waliotoka kwa mama yake, na akifa mmoja, jina linakwenda kwa binti yake. Alinionyesha. Walikuwa wamelala pamoja karibu na ukuta wa miiba, wakicheua, hawana habari na mtu.

"Na kwa nini Hispania?" nikauliza.

"Uingereza nina timu napenda. Hukumu haiwezi kutoka kwa mtu unapenda."

Nilimuuliza wazo hili alilitoa wapi. Akashangaa kwamba sikumbuki.

"Kwako," akasema. "Siku ile ulininyoa. Niliona ule mstari mwekundu kwa ubao, nikakuuliza ni wa nini. Ukasema, wale wako chini wanatoka. Nikauliza, hata kama ni timu kubwa? Ukasema hata kubwa. Nikauliza, wenyewe hawalii? Ukasema wanalia sana. Nikauliza, na ligi haifi? Ukasema, ligi haijawahi kufa."

Naapa sikukumbuka hata neno moja. Nilikuwa nimemnyoa tu mtu aliyekuwa na maswali mengi. Niliona haya na fahari kwa pamoja, na hofu ikazidi vyote viwili. Nililala bila kuyasema yale maneno niliyokuja nayo.

Siku ya pili, asubuhi, nilifuatana naye malishoni. Tulipovuka laga alinipitisha mahali penye uwazi, akasimama. Mifupa ilikuwa imetapakaa, imeshakuwa myeupe, mingine imezama nusu kwenye udongo.

"Hawa ni wangu," akasema. "Ukame wa zamani, kabla nikujue. Walikuwa wengi, hii boma yote haikutosha. Mutuma mwenyewe alikuja, akaniambia uza kidogo. Nilijaribu kuchagua, Mwalimu. Nilikaa siku tatu nachagua. Kila mmoja nikimwangalia naona sababu. Nililinda wote, wakakufa wote."

Akaokota kipande cha pembe, akakigeuza, akakirudisha pale pale alipokitoa.

"Ukame uliokuja baadaye, majirani walipoteza. Mimi nilikuwa na wachache, nyasi ikatosha. Hakuna aliyekufa, hata mmoja. Kwa sababu sikuchagua mimi. Walichagua watu hawanijui, wako mbali, hawataki kitu yangu."

Hapo ndipo nilipoelewa uzito niliokuwa nimeubeba kutoka Isiolo. Kuuza Madoa kimakosa lilikuwa jambo moja. Jambo kubwa zaidi ni kwamba mtu huyu aliweza kuuza kwa sababu aliamini msimamo hauna upendeleo wala makosa. Nikimwambia ulikosewa, tena na kinyozi mwenye kiburi, mwakani ataweza kumtoa nani? Ataanza tena kuona sababu, na mifupa mingine itakuja kulala hapa. Nikinyamaza, mambo yatakwenda kama yalivyo, na atanishukuru kila Jumatatu. Nilitembea nyuma ya wale ng'ombe mpaka saa sita nikipima, na kila nilipoamua kunyamaza, yule kipofu wa jicho moja alikuwa akigeuka kunitazama kwa lile zima.

Saa tisa tulirudi kunywa chai. Mama Naserian alikuwa ameketi mlangoni akishona shanga. Nilikiweka kikombe chini, nikasema kabla moyo haujageuka.

"Baba Naserian, ile table ya mwezi wa tano nilikosea. Zile timu mbili zililingana. Nilitumia sheria ya Uingereza. Kwa sheria ya Hispania, Madoa alikuwa wa kumi na saba. Aliyeshuka ni yule mwingine. Ulimuuza Madoa kwa kosa langu."

Aliitazama fimbo yake.

"Walipokutana wao wawili," akauliza, "nani alishinda?"

"Timu ya Madoa ilishinda nyumbani. Ugenini walitoka sare."

"Basi alikuwa amepona," akasema. "Nilimpeleka amepona."

Uso wake ulikuwa vile vile, sauti ndiyo iliyoshuka. Nilijua baadaye kwamba Madoa alikuwa kipenzi chake, ndama aliyemlea kwa mkono baada ya mama yake kufa, na kwamba siku ya kumuuza alirudi kutoka soko akapita nyumba bila kula. Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kusema kwamba nitamtafuta yule ng'ombe, nitauliza wanunuzi wote wa Isiolo. Akainua mkono. Sote wawili tulijua ng'ombe wa mwezi wa tano hatafutwi mwezi wa nane.

"Na huyo mwingine ni nani?" nikauliza, maana nilimjua kwa jina la timu tu.

"Ni Kijivu," Mama Naserian akasema.

Akaacha shanga zake. Kijivu alikuwa ng'ombe wake yeye, aliyepewa na nyumba ya baba yake siku ya kuolewa, na ndiye aliyekuwa akimkamua asubuhi ile nilipotoka kwenda malishoni.

"Mimi nilijua," akasema. "Hiyo siku ya kufunga ligi nilisikia kwa redio. Walisoma wale watatu wameshuka, na timu ya Kijivu ilikuwa ndani. Kesho yake wewe, Baba Naserian, ukarudi kutoka kilima ukasema Mwalimu amesoma Madoa. Nikajua Mwalimu amekosea. Nikanyamaza."

Baba Naserian akamgeukia.

"Ulinyamaza miezi tatu."

"Nilinyamaza. Kila siku nikimkamua naona Madoa." Alikuwa akisema polepole, akiangalia mikono yake. "Nilisema table si Mungu, ikikosea si kosa yangu. Lakini Mwalimu ametoka Isiolo kuja kusema. Mimi niko hapa hapa, sikusema."

Nilisubiri ugomvi. Kwetu maneno madogo kuliko hayo yameita wazee wa pande mbili. Baba Naserian aliichora ardhi kwa fimbo mpaka chai ikaota ngozi. Mwisho akasema kwamba refa akipuliza amepuliza. Msimu umeisha, Kijivu akae, tuanze upya. Nilipumua. Niliona hilo ni neno la hekima, na tena lilinifaa mimi.

Mama Naserian ndiye aliyekataa.

"Hapana. Akikaa Kijivu kwa sababu nilinyamaza, mwakani wewe utakuwa na ng'ombe ya kunyamazia. Na mimi nitakuwa na mwingine. Kila ng'ombe hapa iko na mtu anaweza kunyamaza juu yake. Halafu tutarudi kule kwa mifupa."

"Bei ya sasa ni mbaya," mumewe akasema.

"Hiyo ndiyo faini yangu."

Sijawahi kumuonea mtu fahari kama nilivyomuonea yule mama pale mlangoni, na sikuwa na haki hata kidogo ya kufanya hivyo, kwa kuwa kosa lilianzia kwenye chaki yangu.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya soko. Mama Naserian alimkamua Kijivu kwa mara ya mwisho, akamwachia ndama wake mkubwa, aliyekwisha kuanza kula nyasi, anyonye kidogo, kisha akaishika kamba mwenyewe. Mumewe alitaka kumpokea, akamkatalia kwa kichwa. Kabla ya kutoka alisimama langoni akagawa majina. Mtamba wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja alimgusa mgongoni akimtajia timu yake, na Baba Naserian akarudia. Sasa walikuwa ishirini kasoro mmoja, kwa sababu jina la timu ya Madoa lilikuwa halina ng'ombe. Mama Naserian alitazama kundi, akamwita binti wa Kijivu, mtamba wa kijivu kama mama yake, mwenyewe akiwa bado na miezi kadhaa kufikia ukubwa, akamgusa mgongo, akampa jina la timu ya Madoa. Baba Naserian alirudia jina hilo mara mbili, ya pili kwa sauti ndogo.

Tulitembea saa moja na nusu. Soko la Oldonyiro lilikuwa vumbi tupu, kelele na fimbo, wanunuzi wakishikana vidole ndani ya makoti kupatana bei kwa siri. Ng'ombe wengi walikuwa kama Mutuma alivyoniambia, mbavu na macho. Kijivu aliingia katikati yao na watu wakapisha. Mutuma alimuona kutoka mbali, akaja akimzunguka. Alimfungua Kijivu mdomo, akamwinua kwato, akamminya kiwele, akarudi kutazama meno tena. Alimuuliza Mama Naserian kwa nini anauza ng'ombe wa namna hii, na mama akamwambia tu kwamba wakati wake umefika. Mutuma akaonekana kushuku zaidi, lakini akanunua.

Mama Naserian hakuachia kamba mpaka Kijivu alipopanda ubao wa lori. Kisha akaikunja kamba ile mara nne, akaitia begani, akaniaga.

"Salimia mama wa watoto," akasema. "Na Mwalimu, ukikosea tena piga simu hiyo hiyo siku. Usingoje mwezi wa nane."

"Nitapiga," nikasema.

"Na mimi nikisikia kwa redio nitakupigia."

Baba Naserian alinisindikiza mpaka mlango wa lori. Nilimuuliza kile kilichonitesa tangu jana, kama ataweza kuniamini tena. Akasema zamani alidhani hukumu inafanya kazi kwa sababu haikosei. "Sasa naona inafanya kazi kwa sababu mtu akikosea anarudi," akasema, akanifungia mlango.

Jioni hiyo tulikuwa tunarudi, Kijivu na wenzake nyuma yetu. Nimeandika rekodi za ligi miaka mingi: timu iliyomaliza msimu Uingereza bila kupoteza hata mchezo mmoja, timu iliyofika pointi mia, watu wakazisoma ubaoni wakashika vichwa. Nilidhani ukubwa wa msimamo uko juu, kwa mabingwa. Nimejifunza kwamba unashikiliwa na ule mstari wa chini, pamoja na watu wanaokubali kusimama chini yake zamu yao ikifika hata kama hakuna aliyewaona. Tangu nirudi, chini ya Hispania naandika kwa herufi kubwa.

Kipsing tulisimama kuwapumzisha ng'ombe. Mutuma alipanda nyuma na tochi ya simu akamkagua Kijivu upya, masikio, macho, chini ya mkia. Alishuka amekunja uso, akaja kusimama mbele yangu.

"Wewe ulilala kwa hiyo boma," akasema. "Niambie ukweli, tumejuana siku nyingi. Hii ng'ombe iko na ugonjwa gani?"

"Haina ugonjwa. Ilimaliza namba kumi na nane."

"Kati ya ngapi?"

"Ishirini."

Mutuma akageuka, akamtazama tena Kijivu, aliyekuwa amesimama katikati ya wale wakondefu, manyoya yanang'aa, anacheua taratibu.

"Basi hizo kumi na saba zingine," akasema, "lazima ni ng'ombe za ajabu."

"Ni za ajabu," nikamwambia. "Nimeziona."